Tenda ya taka imekwenda kwa mwenye bei kubwa: nani aliamua, na tuna la kufanya?

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana katika manispaa mojawapo ya Dar es Salaam. Kwa muda mrefu tumezoa taka kwenye mitaa miwili, kwa guta na kirikuu ya kukodi, kwa makubaliano na serikali ya mtaa. Mwaka huu manispaa imetangaza tenda ya kata nzima. Tuliomba, na bei yetu ilikuwa ya chini kuliko wote. Sasa tumepata taarifa kwamba atakayepewa ni kampuni ya nje ya kata, tena kwa bei iliyozidi yetu. Sisi tumeambiwa tu "hamkukidhi vigezo". Mtaani wanasema diwani ndiye aliyetuuza. Nani hasa anaamua tenda hizi, na je, bado kuna la kufanya?

Jibu: Ndugu katibu, kabla ya yote tazama tarehe ya hiyo taarifa. Kwa jinsi ulivyoieleza, ni notisi ya kusudio la kutoa tuzo, yaani ya kutaja anayekusudiwa kupewa tenda, maana yake mkataba bado haujasainiwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, inawapa siku tano za kazi kulalamika. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazimo kwenye hesabu. Kwa kikundi ambacho lazima kiitishe kikao ndipo kiamue, siku tano ni chache mno, kwa hiyo itaneni leo jioni. Namna ya kuandika malalamiko nitaieleza mbele kidogo.

Nianze na diwani, kwa sababu hapo ndipo hasira za mtaani zilipo, na hasira ikielekezwa pasipo pake inawala siku zenu bure.

Diwani hana kiti kwenye bodi ya zabuni. Bodi ile huundwa na watumishi walioteuliwa, na sheria imegawa kazi kwa makusudi ili asiwepo mtu mmoja mwenye kauli ya mwanzo na ya mwisho. Idara yenye uhitaji, kwenu ni ile inayoshughulikia usafi na mazingira, ndiyo inayosema inataka huduma gani na ya kiwango gani. Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi kinaandaa nyaraka za zabuni na kuendesha mchakato. Kamati ya tathmini, inayoundwa kwa ajili ya zabuni husika, inapitia maombi na kuandika ripoti. Bodi ya zabuni inaikubali ripoti hiyo au inairudisha kwa sababu zilizoandikwa. Haina ruhusa ya kuketi na kubadilisha alama. Juu yao yupo mkurugenzi, ambaye kisheria ni afisa masuuli. Yeye ndiye anayetoa notisi mliyoipata, ndiye atakayesaini mkataba, na malalamiko yenu yanakwenda kwake.

Kwa hiyo kama mtu atawaambia "diwani kampa ndugu yake tenda", mwulizeni ni kwenye hatua ipi kati ya hizo. Simaanishi kwamba shinikizo la kisiasa halipo. Lipo, na nimewahi kuona simu zikipigwa. Lakini diwani anayetaka kuingiza mkono analazimika kupitia kwa mtumishi aliyekula kiapo na aliyeacha sahihi yake kwenye karatasi, na mtumishi huyo ndiye mtakayemfikia kwa sheria.

Diwani ana nguvu kwingine kabisa, na huko wananchi wengi hawamfuati. Baraza la madiwani linapitisha bajeti. Linapitisha sheria ndogo zinazopanga ada ya taka kwa kila kaya na kila duka. Linapokea taarifa za utekelezaji kila robo mwaka, na Kamati ya Fedha ya halmashauri ina wajibu wa kuhoji jinsi fedha zinavyotumika. Hapo ndipo pa kumbana diwani wenu, hasa kwa swali moja: alikuwa wapi kata nzima ilipofungwa kuwa tenda moja?

Naliona swali hilo kuwa zito kuliko lile la bei. Kila halmashauri inapaswa kuwa na mpango wa ununuzi wa mwaka, unaoanza na mwaka wa fedha tarehe 1 Julai. Mpango huo huandaliwa miezi kadhaa kabla, pamoja na bajeti. Humo huamuliwa kitakachonunuliwa, kwa njia ipi, kwa mafungu mangapi, na nani ataruhusiwa kuomba. Halmashauri ikigawa kata yenye mitaa sita kuwa mafungu matatu, kikundi chenye kirikuu moja na vijana kumi kinaweza kushindania fungu moja na kulimudu. Ikifunga mitaa yote sita kuwa fungu moja, lazima nyaraka zitake malori, yadi ya kuegesha, mtaji wa kuendeshea kazi na uzoefu wa mikataba mikubwa. Hakuna aliyewaonea siku ya kufungua zabuni. Siku ile mlikuwa tayari mmeshatolewa nje na kitu kilichoandikwa miezi mingi nyuma, wakati nyinyi mkiwa barabarani mnasukuma guta.

Kuna halmashauri zinazofunga kazi pamoja kwa nia njema: msimamizi mmoja, mkataba mmoja, gari kubwa moja linalokwenda dampo la Pugu Kinyamwezi badala ya magari madogo mengi yanayochoma mafuta. Hoja hiyo ina uzito wake kwenye barabara za lami. Kwenye mitaa isiyopimwa, ambako lori haliingii na taka lazima zitolewe kwa mkono au kwa guta hadi barabarani, haina uzito huo. Huko kampuni kubwa huishia kuchukua taka za kandokando ya barabara na kuacha za ndani, kisha ada inadaiwa kwa wote. Mimi nasimama upande wa kugawa mafungu, na sioni sababu ya kuficha msimamo wangu.

Hapa liingie suala la asilimia 30, kwa sababu vikundi vingi hulichanganya na lile la asilimia 10. Asilimia 10 ni mikopo: halmashauri inatenga sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ndiyo ile iliyosimamishwa mwaka 2023 baada ya mapungufu yaliyoibuliwa kwenye ukaguzi, kisha ikarejeshwa kwa utaratibu mpya. Asilimia 30 ni kazi. Sheria inaitaka taasisi nunuzi, yaani taasisi ya umma inayotangaza tenda, itenge asilimia 30 ya bajeti yake ya ununuzi ya mwaka kwa ajili ya vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Zabuni ikitengwa hivyo, kampuni ya kawaida hairuhusiwi kuomba. Mnashindana vikundi kwa vikundi. Lakini ili mhesabiwe kuwa kikundi maalumu ni lazima muwe mmesajiliwa hivyo kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa zabuni za umma, na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri ndiye mlango wa kuanzia. Cheti cha kikundi mlichochukulia mkopo peke yake hakiwapi sifa hiyo. Nina wasiwasi kwamba mliomba kama wazabuni wa kawaida, mkapimwa kwa kipimo cha kampuni. Hilo likague mwenyewe kwenye akaunti yenu.

Tugeukie bei. Mnasema mlikuwa chini kuliko wote, na ninaamini. Kipimo cha sheria ni bei ya chini iliyofanyiwa tathmini, nayo hutafutwa miongoni mwa waliopita hatua za mwanzo tu. Tathmini huanza na ukaguzi wa awali: je, nyaraka zote zilizotakiwa zimeambatishwa, zimesainiwa na mwenye mamlaka, na bado hazijaisha muda? Anayeanguka hapo, bei yake haisomwi kabisa kwa ajili ya ulinganisho. Kisha ufundi: vifaa, watu, uzoefu, mpango wa kazi. Bei inafuata baada ya hapo. Mwisho anayeongoza huchunguzwa kama kweli anayo aliyoyaandika.

Vikundi huanguka zaidi kwenye ukaguzi wa awali, na sababu zake zinasikitisha kwa udogo wake. Leseni ya biashara iliyoisha wiki moja kabla. Hati ya uwakili ambayo haikuthibitishwa na wakili, au iliyompa mwenyekiti mamlaka huku aliyesaini fomu ni katibu. Uthibitisho wa kodi wa mwaka jana. Tamko la dhamana ya zabuni kwenye fomu tofauti na ile iliyotolewa. Kamati inaweza kumwandikia mzabuni ili afafanue jambo, na inaweza kusamehe dosari ndogo isiyogusa kiini cha zabuni. Haiwezi kumruhusu alete baada ya kufunga kitu ambacho hakukiambatisha na ambacho nyaraka zilisema ni cha lazima, kwa sababu huko ni kumpa nafasi ya pili ambayo wenzake hawakuipata. Katika hili naiunga mkono sheria, hata pale inapowaumiza watu ninaowatakia mema.

Uzoefu nao ni kikwazo kwenu. Mmefanya kazi, mtaa mzima unajua. Lakini makubaliano na serikali ya mtaa si mkataba wa taasisi nunuzi, na kama hayakuandikwa popote basi kwa mtathmini hayapo. Ombeni barua ya uthibitisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa na mtendaji wa kata: mlifanya kazi gani, mitaa ipi, tangu lini, kwa kaya ngapi. Wekeni na vitabu vya stakabadhi za ada. Tenda ijayo hizo ndizo zitakazosema kwa niaba yenu.

Na bei ya chini mno nayo hujengewa shaka. Kamati ina haki ya kuwataka mchanganue: mafuta kwa safari, posho za vijana, gambuti na glavu, kodi ya gari, tozo ya dampo. Kama mliandika bei kwa kutumia gharama za mitaa miwili na kuizidisha ili ienee kata nzima, mchanganuo huo ungewaumbua. Pigeni hesabu ya safari za dampo kwanza, ndiyo inayomeza fedha kuliko zote, halafu mengine yafuate.

Sasa malalamiko. "Hamkukidhi vigezo" si sababu. Notisi inapaswa kueleza ni kwa nini zabuni yenu haikufaulu, na kama haikueleza, hilo peke yake ni hoja ya kwanza. Yaandikeni kwa mkurugenzi kama afisa masuuli, kupitia mfumo wa NeST, ambao tangu Oktoba 2023 ndio unaotumika kwa zabuni za umma badala ya mfumo wa zamani, TANePS. Malalamiko yakifika kwa wakati, mchakato unasimama hadi yaamuliwe.

Usiandike kwamba mmeonewa, wala kwamba kampuni ile si ya wazawa wa kata, wala kwamba vijana watakosa ajira. Yote yanaweza kuwa kweli, na hakuna hata moja linaloweza kubadili uamuzi. Andika hivi, kwa mfano: "Kipengele fulani cha nyaraka kilitaka magari mawili, ya kumiliki au ya kukodi. Tuliambatisha mikataba miwili ya kukodi, ipo ukurasa fulani. Notisi inasema hatuna magari. Tunaomba tathmini irudiwe kwa kipengele hicho." Au: "Notisi inasema hatuna uzoefu wa miaka mitano. Nyaraka zilitaka mitatu." Mfano wa pili ndio wenye nguvu kuliko yote, kwa sababu kamati haina ruhusa ya kupima kwa kigezo ambacho hakikuandikwa kwenye nyaraka. Kaeni watu watatu mezani: mmoja anasoma nyaraka za zabuni, wa pili anasoma mlichowasilisha, wa tatu anasoma notisi. Penye tofauti, wekeni alama. Msipopata tofauti yoyote, mna jibu lenu, na ni heri mlijue kabla ya kutumia fedha za kikundi.

Mkurugenzi naye ana siku tano za kazi kutoa uamuzi. Akikataa, au akikaa kimya muda ukapita, mnakwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, PPAA, ndani ya siku tano nyingine za kazi. Rufaa ina ada, kwa hiyo ulizeni kiasi mapema. PPAA ina siku 40 kuamua, na inaweza kufuta kusudio, kuagiza tathmini irudiwe, au kuagiza zabuni itangazwe upya. Maamuzi yake huwekwa wazi. Tafuteni machache ya kesi zinazofanana na yenu muone walalamikaji walioshinda walijenga vipi hoja zao. Ni shule ya bure.

Msichanganye PPAA na PPRA. PPRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, ni mdhibiti: inasimamia NeST, inakagua taasisi nunuzi, inaweza kumfungia mzabuni mdanganyifu. Kama mna taarifa kwamba kampuni iliyoshinda imewasilisha kadi za malori yasiyo yake, pelekeni huko pia. Kama kuna aliyewaomba fedha ili "faili litembee", hilo ni la TAKUKURU, namba 113, haina malipo. Rushwa kwenye mikataba na ununuzi ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kwa anayepokea na kwa anayetoa. Nasisitiza anayetoa, kwa sababu vikundi vingi huchangishana kwa nia ya kuokoa kazi yao, kisha wanakosa hata pa kulalamikia kwa kuwa nao wamo. Msichangishane.

Tuseme mmelalamika na mmeshindwa, kampuni imesaini. Hapo halmashauri nyingi huzembea, na wananchi huachwa peke yao. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, jukumu la taka ngumu ni la mamlaka ya serikali za mitaa, na kumpa mkandarasi kazi hakuliondoi. Mkataba una ratiba ya siku za kupita, idadi ya magari, maeneo ya kukusanyia, adhabu za kutotimiza. Mara nyingi unafungiwa kabatini na afisa afya wa kata hajawahi kuuona. Ombeni kuona ratiba na viwango vya huduma kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016. Mhusika ana siku 30 za kujibu. Kila wiki gari lisipopita, andikeni mtaa na tarehe, mpeleke kwa mtendaji wa kata kwa maandishi, nakala mbaki nayo. Daftari hilo lina thamani mara mbili: mkaguzi wa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, akija halmashauri anakuta ushahidi ambao watumishi hawakuuandaa, na mkataba ukifika mwisho hakuna atakayeweza kudai kwamba kazi ilikwenda vizuri.

Kampuni hiyo pia inaweza kuwajia. Wakishapata kata watagundua kwamba hawajui vichochoro, hawajui nani halipi ada, na lori haliingii. Watataka vijana wenu. Sioni ubaya wa kukubali, mradi muulize kwanza kama mkataba wao na manispaa unaruhusu kugawa kazi, na makubaliano yenu yawe ya maandishi: mitaa ipi, malipo kiasi gani na siku gani, nani ananunua vifaa vya kujikinga, nani anamlipia kijana akikatwa na chupa au kuchomwa sindano. Nimeona vikundi vikifanya kazi miezi kwa ahadi ya mdomo, kampuni ikaondoka na ada yote ya kaya.

Wala msijione kama wavamizi kwenye biashara hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jiji la Dar es Salaam lilikuwa linaondoa sehemu ndogo sana ya taka zake. Mwaka 1994 kazi ya kata za katikati ya mji ikakabidhiwa mkandarasi binafsi, na kufikia mwishoni mwa muongo ule kazi ikagawanywa kwa kampuni nyingi ndogo na vikundi vya kijamii, vingi vikiwa vya wanawake na vijana. Mji huu ulisafishwa na vikundi kama chenu kwa sababu mkandarasi mmoja hakuweza. Hilo semeni kwa diwani, na kwa mkurugenzi pia, bila aibu.

Yanayofuata baada ya siku hizi tano yapangeni hivi. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii mkamilishe usajili wa kikundi maalumu. Hakikisheni mwanakikundi mmoja anaufahamu NeST kweli na anaufungua kila wiki, maana tenda ndogo hutangazwa na kufungwa kwa siku chache. Kisha mwandikieni mkurugenzi, nakala kwa diwani, mkiomba mambo mawili kwenye mpango wa ununuzi ujao: kata igawanywe mafungu kwa mitaa, na angalau fungu moja litengwe kwa vikundi maalumu. Ambatisheni daftari la siku ambazo gari halikupita na orodha ya mitaa ambayo lori haliingii. Barua ifike kabla baraza halijapitisha bajeti, na kwa kawaida bajeti hupita kwenye miezi ya mwanzo ya mwaka, kwa hiyo Desemba isiwakute bado mnajadili nani ataiandika.